Pima Kabla Hujadeki: Jinsi ya Kuandika Mafuriko ya Mtaa Wako

Mimi ni fundi rangi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimepaka nyumba za Kinondoni, Magomeni na Kigogo, na kila mvua kubwa ikipita simu yangu huanza kuita siku ya tatu au ya nne, maji yakishatoka na tope likishazolewa. Mwenye nyumba anataka ukuta upigwe msasa, upakwe praima na rangi mikono miwili, haraka, kabla dalali hajaleta mpangaji. Anachotaka kiondoke ni ule mstari wa kahawia unaozunguka chumba kizima, ulionyooka kuliko mstari wowote niliowahi kupiga kwa kamba.

Desemba 2011 Mto Msimbazi ulitapika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema Dar es Salaam haikuwa imepata mvua kubwa kama ile tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Januari iliyofuata nilipaka vyumba kumi na vinne Hananasif peke yake. Katika kimojawapo mstari ulinifika kifuani. Niliupiga msasa, nikaufunika, nikalipwa, nikaondoka. Masika ya 2014 maji yakarudi. Nilipoitwa tena kwenye nyumba ileile nilimkuta mama mpangaji ameketi kibarazani, magodoro yake mawili yamelowa chepechepe. Akaniangalia, akauliza, "Fundi, si wewe uliyepaka chumba hiki? Ulijua maji yanafika wapi?" Usiku ule alikuwa amepandisha vitu vyake vyote kitandani, akidhani vimepona. Angeuona mstari ule siku anapanga, angevipandisha darini, au asingepanga kabisa.

Tangu siku hiyo sichovyi brashi kabla sijapima. Ninayoyaandika hapa nimejifunza ukutani, kwa mafundi wenzangu wa ujenzi, na kwa vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, waliopita mitaani kwetu kuanzia 2015 wakiuliza maji yanafika wapi na mtaro upi umeziba. Vifaa ni tepu ya fundi, daftari la kaunta, penseli na simu. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu ukilowa unayeyuka na kumbukumbu inaondoka nao.

Anza wakati jua linawaka

Ujue kwanza mto wako unatoka wapi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, njiani unapokea mito midogo, kisha unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Ndiyo maana unaweza kuamka Hananasif hakuna hata tone, ukakuta mto umejaa hadi ukingoni: mvua ilinyesha Pugu wakati umelala. Tafuta ndugu au rafiki anayekaa huko juu, mkubaliane kwamba mvua kubwa ikianza anakutumia ujumbe wenye saa. Mimi nina shemeji yangu Gongo la Mboto. Ujumbe wake ni maneno mawili tu, "imeanza, 1:15", lakini nikiuweka kando ya saa ambayo maji yalifika kwetu napata muda ambao mto unatumia kushuka, na muda huo ndio majirani wanaouhitaji kuokoa watoto na vitu.

Chagua sehemu nne au tano zisizohama: nguzo ya daraja, ukuta wa shule, ngazi za msikiti, nguzo ya umeme ya zege. Mti usiuchague, kibanda usikichague. Zipige picha zikiwa kavu, na andika ulisimama wapi ukipiga, ili siku ya mafuriko mtu mwingine asimame palepale. Bila picha kavu, picha ya maji haisomeki. Mtu wa nje haoni kama pale chini pana mtaro au uwanja wa mpira.

Ukiruhusiwa na mwenye ukuta, na mjumbe akijua, piga alama za rangi ya mafuta kila sentimita 50 kutoka chini. Tumia nyeusi au bluu. Nyekundu iache kabisa. Mabondeni kwetu, tangu bomoabomoa ya mwisho wa 2015, mtu akiona rangi nyekundu ukutani kwake hafikirii vipimo, anaona ile X ya nyumba za kubomolewa, na utakuwa umemtia mzee wa watu presha bure.

Mvua nayo ipime. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu pale juu inapoanza kunyooka, geuza kile kipande cha mdomo kiingie ndani kama faneli. Chini ya chupa pana mabonde, kwa hiyo mwaga maji kidogo hadi yafike sehemu iliyonyooka, piga mstari hapo, ndiyo sifuri yako. Iweke mahali pa wazi, mbali na bati na miti, na izuie kwa matofali isianguke. Soma kila siku saa 3 asubuhi, maana vituo vya hali ya hewa navyo hufunga hesabu ya siku saa hiyo. Milimita moja ndani ya chupa maana yake lita moja imemwagika juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi. Ukilielezea hivyo jirani anayezibia mtaro kwa kifusi, anaelewa upesi.

Maji yakiwa yanapanda

Hapa sina maneno mengi, kwa sababu kazi yako ya kwanza ni watoto, wazee na wagonjwa. Daftari linakuja baadaye. Maji ya kasi yanayofika juu kidogo ya kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini ya maji ya kahawia huoni shimo la choo lililofunuka. Zima swichi kuu mapema, ukiwa umesimama pakavu; maji yakishaingia ndani usiisogelee tena, wala mita ya umeme ya LUKU. Kama huwezi kupiga picha ukiwa mahali pa juu penye njia ya kurudi, usipige.

Ukiwa salama, andika vitu viwili tu: saa, na maji yamegusa nini. "Yamefika ngazi ya pili ya msikiti." "Yamegusa alama ya mita moja." Kila nusu saa inatosha. Andika na yalipoanza kushuka, kwa sababu watu wengi huacha kuandika maji yakisimama, na kumbe muda ambao maji yanakaa ndani ndio unaoharibu ukuta, unga na madaftari ya shule.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu sana. Simu inasema 04:20, wewe unasema saa kumi na dakika ishirini alfajiri, na mtu wa ofisini akisoma "saa 10:20" anaweza kuiweka asubuhi au usiku kabisa. Mimi huandika zote mbili: "saa 10:20 alfajiri (04:20)". Siku nayo ina mtego. Kwa wazee wa Pwani siku mpya inaingia magharibi, hivyo bibi akikwambia "usiku wa Jumanne" anasema usiku ambao vijana wanauita wa Jumatatu. Andika "usiku wa kuamkia Jumanne", kisha mrudie umuulize kama ndivyo.

Kasi ya maji unaweza kuipima bila kulowa. Siku ya jua pima kwa tepu umbali kati ya vitu viwili ukingoni, tuseme mita 30 kutoka nguzo hadi kona ya ukuta. Siku ya mafuriko subiri kitu kinachoelea katikati ya mkondo, dumu tupu au gogo, hesabu sekunde. Kikipita kwa sekunde 12, uso wa maji unakwenda mita 2.5 kwa sekunde. Chini na pembeni maji huenda polepole, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, upate kama mita 2.1. Rudia mara tatu. Ukishajua kasi hiyo, pamoja na upana na kina, mhandisi anaweza kukadiria maji mangapi yalipita, na bila hiyo anabahatisha ukubwa wa kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara.

Sisi wa karibu na bahari tuna jambo jingine. Andika mwezi ulikuwaje. Wakati wa bamvu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari inapanda sana, na maji ya mto yakifika Salenda yanakuta mlango umejaa. Mvua ileile ikinyesha wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, inaweza isifike ulipofika mstari wa bamvu. Wavuvi wanalijua hili tangu zamani. Ni sisi wa juu tunaosahau kuliandika.

Na andika harufu. Wako wanaotapisha vyoo mvua ikianza, ili maji yabebe. Usiandike jina la mtu wala kumshitaki mtu. Andika mtaa, saa, na kwamba maji yaliyoingia ndani yalikuwa na kinyesi. Wiki mbili baadaye watoto wakianza kuharisha, mstari huo mmoja daftarini utamsaidia bwana afya kuliko picha mia.

Mstari

Hii ndiyo sehemu ninayoijua kuliko zote, na ndiyo inayopotea haraka kuliko zote. Maji yakitoka, kila mtu anashika fagio, ndoo na brashi ya kusugulia. Ni haki yao, nyumba inanuka na watoto hawana pa kulala. Ila waombe dakika tano kabla hawajadeki. Mvua ya kesho yake inaweza kuosha mstari wote wa nje, na kwenye bati haudumu hata hivyo. Tope halishiki bati.

Ingia ndani. Ndani ya chumba maji yalitulia, kwa hiyo mstari ni mwembamba na unasomeka. Nje mawimbi ya mkondo yameupaka juu na chini, na unaweza kukosea hata kwa shubiri nzima. Mahali pangu pazuri kuliko pote ni nyuma ya mlango, au ndani ya kabati lililojengewa ukutani, maana hakuna mkono wala nguo iliyopita hapo.

Utakuta mistari zaidi ya mmoja. Wa juu kabisa ndio kilele. Ya chini yake ni pale maji yalipopumzika yakishuka. Sogeza uso karibu, washa tochi ya simu na uilaze pembeni mwa ukuta ili mwanga upite juu juu. Kwenye kilele utaona vitu vyepesi vilivyoelea: mbegu za nyasi, chembe za mkaa, mavi ya mende, vipande vya maganda ya vitunguu, vyote vimepangana kama shanga. Hapo ndipo.

Sasa onyo la fundi rangi. Juu ya mstari wa tope kuna alama nyingine, pana, yenye giza kidogo, ambayo rangi yake imeanza kuvimba na kutoa chumvi. Hiyo ni unyevu. Tofali na lipu vinanyonya maji kama utambi wa koroboi, vinapandisha juu kuliko maji yenyewe yalivyofika. Mtu akipima unyevu ataandika mafuriko makubwa kuliko yaliyotokea. Pima tope. Ukichelewa wiki moja, tope limefutwa na unyevu ndio uliobaki, basi andika wazi kwamba ulichopima ni unyevu.

Pima kutoka wapi? Wengi hupima kutoka sakafuni, wanaridhika. Lakini nyumba za bondeni hazikai na sakafu moja. Kila baada ya mafuriko mwenye uwezo anaongeza jamvi, yaani zege la sakafu, na uwanja wa nje unapanda wenyewe kwa mchanga ulioletwa na mto. Nimefanya kazi katika nyumba ambayo sakafu ya 2011 iko chini ya sakafu ya leo kwa kozi nzima, yaani safu moja ya matofali. Kwa hiyo pima mara mbili: kutoka sakafuni kupanda hadi mstarini, na kutoka chini ya linta, ile boriti ya zege juu ya mlango na dirisha, kushuka hadi mstarini. Sakafu itapanda, linta itabaki ilipo. Hivi ndivyo ukurasa wangu mmoja unavyosomeka:

"Mafuriko ya Jumapili 15 Aprili 2018. Nimepima Jumanne 17 Aprili, saa 5 asubuhi (11:00). Hananasif, chumba cha pili kushoto, nyuma ya mlango. Mstari wa tope, mwembamba, unaonekana vizuri. Kutoka jamvi kupanda sm 94. Kutoka linta ya dirisha kushuka sm 116. Unyevu umefika sm 121, sijauhesabu. Nje, ukuta wa mashariki, sm 109 kutoka kibarazani, mstari mpana. Kibaraza kiko chini ya jamvi kwa sm 15. Mpangaji anasema maji yaliingia kabla ya adhana ya alfajiri."

Angalia hesabu: 109 ukitoa 15 ni 94. Mstari wa nje na wa ndani umekubaliana, kwa hiyo naamini yote miwili. Isipokubaliana, usirekebishe namba ili zipendeze. Acha zilivyo, andika tofauti, na tafuta sababu. Mara nyingine maji yalirundikana upande wa juu wa ukuta uliozuia mkondo, na tofauti hiyo ni ya kweli.

Huna tepu? Hesabu kozi za matofali kama ukuta haujapigwa lipu, na upime tofali moja pamoja na udongo wake baadaye. "Kozi ya nne, nusu ya tofali" ni kipimo halali.

Kuna wadanganyifu. Mfuko au nguo iliyonasa kwenye tawi si kipimo, maana tawi lililala maji yalipolipitia, kisha likainuka na mzigo wake, likakuonyesha urefu ambao maji hayakufika. Taka zilizonasa kwenye uzio wa waya nazo huvuta waya chini. Tumia ukuta kwanza. Uzio na miti ni vya mwisho, na useme ni vya mwisho.

Ukitaka kujua kama maji ya nyumba hii na ile ya ng'ambo ya uchochoro yalikuwa levo moja, chukua ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi ujenzi wanautumia kuhamisha levo ya msingi. Ujaze maji taratibu hadi povu lote litoke. Povu moja tu lililobaki ndani linakudanganya. Mwenzako ashike ncha moja kwenye mstari wa nyumba ya kwanza, ainue au ashushe mpaka maji yasimame sawa na mstari. Wewe kwa upande wako, maji yatakaposimama ndani ya mpira ndipo levo ileile ilipo kwenye nyumba ya pili. Weka penseli, linganisha na mstari wa tope wa hapo. Asubuhi moja mimi na kijana wangu tulivusha levo nyumba sita mfululizo, tukajua kwa mara ya kwanza kwamba choo cha shule ambako watu walikuwa wanakimbilia kiko chini ya mstari.

Piga picha tatu kwa kila mstari. Ya kwanza mbali, nyumba nzima na njia yake. Ya pili ukuta. Ya tatu karibu kabisa, tepu imeshikwa wima na namba zinasomeka, simu ikiwa levo moja na mstari. Ukipiga kutoka juu namba inahama. Weka pembeni karatasi yenye tarehe, kata na namba ya ukurasa wako wa daftari.

Utasikia mtu akisema setilaiti zimeshaona yote. Zipo zinazopiga picha kwa rada, kama Sentinel-1, na rada inapenya mawingu, ni msaada mkubwa sana mashambani. Lakini inapita kwa siku zake, na Msimbazi unaweza kupanda usiku na kushuka kabla ya adhuhuri. Tena katikati ya bati zilizobanana kama za kwetu haioni uchochoro, wala haiwezi kusema maji yalimfika mtoto shingoni au gotini. Ukuta unasema.

Kuuliza watu

Usianze na daftari. Anza na pole. "Shikamoo mama, poleni na maafa." Kaa. Kama wanazoa tope, shika koleo uzoe nao kwanza. Nimepata habari nyingi nikiwa na koleo kuliko nikiwa na penseli. Kisha omba ruhusa, ueleze unaandika nini na kitakaa wapi, na akikataa, mshukuru uondoke.

Mtu akisema "maji yalinifika kiunoni", mwombe asimame palepale alipokuwa, aweke mkono ukutani. Kisha upime mkono. Viuno vyetu havilingani, na hofu inarefusha maji.

Kwa mafuriko ya zamani, usiulize mwaka. Uliza lilitokea nini karibu yake. Mzee mmoja aliniambia yale makubwa yalikuwa 2010. Nikamuuliza kabla au baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Akacheka, akasema ni baada, bendera ndogo za sherehe zilikuwa bado zimening'inia dukani. Basi ni Desemba 2011. Wengine watakupa "mwaka wa El Nino", nao ni 1997 kuingia 1998, ila hakikisha, kwa sababu siku hizi El Nino zimekuwa nyingi midomoni mwa watu. Tafuta watu wawili ambao hawakukaa pamoja wakakubaliana. Wakisema kitu kimoja, andika. Wakitofautiana, andika yote mawili na nani alikuwa wapi.

Maiti wasipigwe picha. Kamwe. Idadi ya waliofariki iandike tu ikithibitishwa na familia au mjumbe, na majina yabaki kwa familia. Mtu aliyeokolewa akiwa nusu uchi, mtoto anayelia peke yake, usiweke sura yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, yule ni jirani yako na kesho mtakutana bombani. Daftarini tumia namba ya nyumba. Orodha ya majina, kama ipo, iwe karatasi tofauti anayoitunza mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Vilivyopotea viandikwe na mwenyewe, siku mbili za kwanza, kabla ya kutupwa. Cherehani, friji, gunia la mchele, vyeti. Vipangeni nje kwenye jua na mpige picha moja ya vyote, kisha kimoja kimoja. Vyeti vya kuzaliwa na hati viwe vya kwanza kwenye orodha, maana ndivyo vinavyochukua muda mrefu kupatikana upya.

Kutunza

Picha ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na saa na mahali ilipopigwa vinafutika ndani yake. Itume kama dokumenti, au hamisha ile ya asili kwa kadi au waya. Kabla ya yote hakikisha tarehe ya simu ni sahihi na umeruhusu kamera iandike mahali.

Daftari langu la kwanza niliipelekea ofisi moja likiwa la pekee. Walilipokea kwa heshima, wakaniambia nirudi wiki ijayo. Nilirudi mara nne, na sijaliona tena. Miaka mitatu ya vipimo. Sasa kila ukurasa naupiga picha jioni ileile, na kila mwezi natoa fotokopi: moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwa dada yangu anayekaa Mbezi, juu, mbali na mto. Daftari lenyewe linakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, darini. Vipimo bila majina vijana wameniwekea kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kila mtu anaweza kuona mitaro na njia za kwetu.

Nyumba nyingi nilizopima zimeshafidiwa na kubomolewa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi. Kuta zimekwenda na mistari yake. Ukipita Jangwani unaona kazi ya daraja jipya, la juu zaidi, na kila mara najiuliza urefu ule umepatikana kwa mistari ya nani. Kwa nyumba zilizobaki, huwa napaka chumba kizima kama mwenye nyumba anavyotaka, isipokuwa nyuma ya mlango. Hapo naacha mstari mfupi wa rangi ya mafuta, upana wa brashi ya inchi moja, na mwaka pembeni yake. Wapo wenye nyumba wanaokataa. Siwalazimishi, kipimo chao kipo daftarini, na mpangaji akiniuliza namwambia.

Mwaka jana Julai nilikuwa napaka geti la nyumba mojawapo, dalali akaja na mama mmoja na binti yake. Aliingia chumbani, akaufunga mlango, akatazama nyuma yake. Kimya kidogo. Kisha akasimama kando ya mstari, akauwekea mkono, akaangalia umemfika wapi. Akauliza kodi, dalali akataja. Akasema atachukua chumba ikiwa mwenye nyumba atapigilia rafu mbili ndefu, na akaninyooshea kidole mahali pa kuanzia, juu ya mstari kwa shubiri mbili. Nilimpa penseli yangu aweke alama.